Je, malezi na hali ya kiuchumi ya familia vinachangia ADHD kwa watoto?

Mwalimu_Morogoro

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali, na naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo limetugawa walimu. Baada ya mafunzo mafupi kuhusu wanafunzi wenye mahitaji maalumu, tulianza kuzungumzia ADHD, yaani ile hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, ashindwe kushika jambo moja hadi mwisho na atende kabla ya kufikiri, kwa kiwango kinachopita sana kile cha wenzake wa rika moja. Baadhi ya walimu walisema bila kusita kwamba chanzo ni malezi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mama aliyelegeza kamba asimlaumu mtu. Wengine walisema hayo ni maradhi ya watoto wa matajiri wa Ulaya na Marekani, na kwamba watoto wetu, wanaocheza nje, wanaotumwa dukani na wanaoheshimu wakubwa, hawayajui.

Sikuridhika na upande wowote. Nilisoma kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza, uliotumia taarifa za watoto zaidi ya 19,000 waliozaliwa kati ya mwaka 2000 na 2002. Familia zenye mtoto mwenye ADHD zilikuwa na kipato cha wastani wa pauni 324 kwa wiki, ilhali familia nyingine zilikuwa na pauni 391. Wazazi walioishi katika nyumba za kupanga za ruzuku walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu wa kuwa na mtoto mwenye ADHD wakilinganishwa na wazazi wenye nyumba zao wenyewe. Kwa hiyo dai la maradhi ya matajiri halisimami hata huko Uingereza kwenyewe. Lakini matokeo hayo yananitia wasiwasi wa namna nyingine, kwa kuwa ni rahisi mtu kuyachukua na kusema kwamba maskini hawajui kulea.

Naomba kueleweshwa: malezi na tabaka vinasababisha ADHD, vinachangia tu, au vinaambatana nayo kwa sababu nyingine? Siulizi kwa ajili ya ubishi. Nina wazazi wa kuzungumza nao muhula huu, na neno nitakalowaambia linaweza kuamua kama mtoto atapelekwa hospitali au atachapwa.

Tabibu_wa_Watoto

Mwalimu, ahsante kwa swali ulilolipima vizuri. Ninafanya kazi katika kliniki ya watoto, na hili ndilo swali ambalo wazazi wengi hushindwa kulitamka ingawa wameingia nalo mlangoni. Nitaanza na malezi, kwa sababu hapo ushahidi uko wazi zaidi.

Tafiti za mapacha hulinganisha mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, na mapacha wasiofanana, ambao hushirikiana kwa wastani nusu ya vinasaba kama ndugu wengine wowote, huku wote wakiwa wamelelewa chini ya paa moja na wazazi walewale. Mapitio ya tafiti 37 za aina hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti baina ya watoto katika ADHD inaelezwa na vinasaba. Ulegevu au ukali wa wazazi ungekuwa ndio chanzo, mapacha wasiofanana wangekaribia kulingana kwa dalili sawa na wale wa kufanana, kwa kuwa mama ni yuleyule na nyumba ni ileile. Sivyo inavyokuwa, mazingira ambayo watoto wa nyumba moja huyashiriki kwa pamoja huonekana kuwa na mchango mdogo sana.

Mnaweza kuuliza: mbona basi tukiingia katika nyumba hizo tunakuta kelele, amri zisizokwisha na viboko? Tunavikuta, lakini ni lazima tujiulize kipi kilitangulia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Russell Barkley na wenzake nchini Marekani waliwatazama akina mama wakiwa na watoto wao, mara mtoto akiwa ametumia dawa ya kuongeza umakini, mara akiwa amepewa kidonge kisicho na dawa. Mtoto alipotulia kwa dawa, mama naye alipunguza amri na akawa mpole zaidi. Hakuna aliyemfundisha mama jambo jipya. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, uliwafuatilia watoto walioasiliwa na familia zisizo na undugu wa damu nao. Watoto ambao mama zao wa kuwazaa walikuwa na dalili za ADHD walikuwa wepesi wa kukurupuka tangu wadogo, na ukurupukaji huo ndio uliofuatiwa na ukali wa mama walezi, ambao hawakuwapa watoto hao kinasaba hata kimoja. Kwa sehemu kubwa, basi, mtoto ndiye anayeyavuta malezi kuelekea ugomvi.

Kuhusu tabaka, matokeo ya Exeter ni ya kweli na yamerudiwa katika nchi nyingine, lakini yanahitaji kusomwa kwa makini. ADHD hurithiwa, na mtu mzima mwenye hali hiyo mara nyingi huacha shule mapema, hubadilisha kazi mara kwa mara na hupata kipato kidogo. Mtoto wake basi hurithi vyote viwili, hali na umaskini, bila kimoja kukizaa kingine. Watafiti wa Uswidi walijaribu kulipima jambo hili mwaka 2014 kwa kutumia kumbukumbu za watu zaidi ya 800,000. Watoto waliokulia katika robo ya familia maskini zaidi walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kupata ADHD kuliko wale wa robo tajiri. Lakini walipolinganishwa ndugu wa tumbo moja, mmoja akiwa amekua wakati familia ina hali ngumu na mwingine wakati hali imetengemaa, hatari ya ziada ya yule wa hali ngumu ilipungua hadi chini ya asilimia 40. Haikuisha, lakini ilipungua sana.

Mama_Tanga

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Naandika kama mzazi. Nina watoto watatu waliokula chungu kimoja, wakalala chumba kimoja na kukanywa kwa maneno yaleyale, na ni mmoja tu, wa katikati, aliyebainika kuwa na ADHD. Ndugu wa mume wangu walinieleza kwa miaka kwamba nimemdekeza. Nilipomwadhibu walisema simwadhibu vya kutosha, na nilipopunguza adhabu walisema sasa tumeona chanzo. Maelezo ya Daktari kwamba mtoto ndiye anayeyavuta malezi nimeyaishi, na ningetamani kila bibi na kila shangazi ayasikie.

Hata hivyo, Mwalimu, usiende kuwaambia wazazi kwamba malezi hayana maana. Malezi hayakumpa mwanangu hali hii, lakini yameamua sana kama hali hii itamfanya awe mtoto mwenye marafiki au mtoto anayechukiwa mtaa mzima. Nilipofundishwa na mtaalamu kutoa agizo moja kwa wakati, kumsogelea badala ya kumwita kwa kelele kutoka jikoni, na kumsifu palepale anapomaliza jambo dogo, hakuacha kuhangaika wala hakuanza ghafla kukumbuka madaftari yake, ila ugomvi ulipungua sana na akaacha kudanganya kwa woga. Viboko vilikuwa vimemfundisha kuficha makosa, havikumfundisha kutulia.

Kuhusu tabaka ninalo moja. Mimi nina kazi ya mshahara na mwajiri anayeniruhusu kumpeleka mtoto kliniki. Jirani yangu anauza samaki, na siku asipofika sokoni nyumba yake haili. Mwanawe ana dalili zote nilizoziona kwa wangu, pengine zaidi, lakini yeye anaitwa mtukutu na amekwisha kuhamishwa shule. Sisemi umaskini ulimletea dalili. Nasema wanangu na wake wanaanzia pamoja, kisha wanaachana njia kwa sababu ya nauli, muda na bei ya dawa.

Mkazi_wa_Jomvu

Nawasalimu kutoka Mombasa. Daktari, naheshimu ujuzi wako, na katika suala la kuwalaumu akina mama nakubaliana nawe kabisa. Ila naona umelipitia suala la tabaka haraka mno, na asilimia 74 uliyoitaja inanipa shaka kubwa inapoletwa huku kwetu.

Kipimo hicho hakisemi ni kiasi gani cha ADHD ya mtoto fulani kimetokana na vinasaba. Kinasema, katika jamii iliyopimwa, tofauti baina ya watu zinaelezwa na vinasaba kwa kiasi gani, na jamii zilizopimwa ni hasa za nchi tajiri: Uswidi, Uingereza, Uholanzi, Marekani, Australia. Chukua mfano wa urefu wa mwili. Katika kijiji ambacho kila mtoto anashiba, mrefu na mfupi watatofautishwa karibu kabisa na uzazi wao; katika kijiji ambacho nusu ya watoto wana njaa, njaa itaeleza sehemu kubwa ya tofauti hizo, ingawa vinasaba vyao havikubadilika. Uswidi ni kile kijiji cha kwanza. Mtoto wa huko, hata wa familia maskini, kwa kawaida huzaliwa hospitalini, haugui malaria na hafui nguo pembeni ya kiwanda cha kuyeyusha betri.

Kiwanda ninachokitaja kilikuwa hapa Mombasa, kwenye kitongoji cha Owino Uhuru, ambako tangu mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014 betri kuukuu za magari ziliyeyushwa ili kupata madini ya risasi, huku moshi na maji machafu yakiingia katika makazi ya watu wapatao 3,000. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano dhidi yake alianza baada ya mwanawe mchanga kuugua na kukutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu iliithibitisha hukumu hiyo mwezi Desemba 2024. Risasi huingia katika ubongo unaokua na kuuharibu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Uhusiano wake na ukosefu wa umakini na utukutu umeonekana katika tafiti za nchi nyingi, hata kwa viwango vidogo katika damu. Sasa nauliza: ni watoto wa tabaka gani walioishi ukutani kwa kiwanda kile? Je, yuko mtoto wa Nyali aliyeivuta hewa ile kila siku?

Ongezeni malaria iliyopanda kichwani. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Miaka miwili baada ya kuugua, takriban robo yao walikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, na eneo lililoathirika zaidi lilikuwa umakini. Ongezeni pia watoto njiti: mtoto aliyezaliwa mapema sana au akiwa na uzito mdogo sana huwa na hatari ya ADHD ya mara mbili hadi tatu. Mama anayebeba ndoo za maji kwa ujauzito wa miezi saba, asiyekwenda kliniki kwa kukosa nauli, hakuchagua hatari hiyo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tabaka linachangia, nasema linachangia, nalo haliingii kupitia kwa mama asiyejua kulea. Linaingia kupitia hewa, mbu na uzazi. Na hizo asilimia 40 za Uswidi zilizobaki baada ya kulinganisha ndugu, mimi sizioni ndogo, tena katika nchi yenye huduma nzuri za jamii kuliko karibu zote duniani.

Kijana_Mdadisi

Na sukari je? Shangazi yangu anaapa kwamba soda na peremende ndizo zinazowapandisha watoto.

Tabibu_wa_Watoto

Ndugu Kijana, hapana. Majaribio ambayo mzazi, mtoto na mtafiti hawakujua nani amepewa sukari yalikusanywa na kuchambuliwa mwaka 1995, na sukari haikubadilisha tabia wala umakini wa watoto. Punguzeni soda kwa ajili ya meno na uzito.

Ndugu Mkazi wa Jomvu, hoja yako kuhusu maana ya ile asilimia ni sahihi, na nimeisoma kwa shukrani. Naongeza ushahidi unaoelekea upande wako. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka nchini Romania mwaka 1989, watoto waliokuwa wamerundikwa katika vituo vya yatima, wakiwa na njaa na bila mtu wa kuwabeba wala kuzungumza nao, waliasiliwa na familia za Uingereza. Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia watoto 165 kati yao hadi utu uzima. Wale waliokuwa wamekaa vituoni zaidi ya miezi sita walikuwa na kiwango cha juu sana cha ukosefu wa umakini na kutotulia, nacho kiliendelea kwa wengi wao hata baada ya miaka mingi katika nyumba zenye upendo na uwezo. Kwa hiyo mazingira yanaweza kuzaa hali inayofanana sana na ADHD. Lakini tazameni ni mazingira ya namna gani: ni kunyimwa kila kitu ambacho mtoto mchanga anahitaji. Hakuna uhusiano kati ya hayo na mama wa Morogoro anayerudi jioni amechoka, akamwacha mwanawe acheze hadi usiku.

Mahali ninapobaki na tahadhari ni hapa. Mtoto aliyeumizwa na risasi au malaria ana tatizo la ubongo lenye chanzo kinachojulikana, na mara nyingi huwa na shida nyingine pamoja na ukosefu wa umakini. Anahitaji kupimwa kwa ajili ya hayo yote. Tukimwita kwa jina moja na mtoto aliyerithi hali yake, tunaweza kumpa dawa na kusahau degedege zake, au kusahau kwamba bado anaishi palepale penye sumu. Ndiyo maana sikutaka kuvijumlisha. Lakini kwamba tabaka ndilo linaloamua nani anaumizwa, hilo silipingi hata kidogo.

Mama Tanga amesema jambo ambalo tafiti zinalithibitisha karibu neno kwa neno. Mafunzo ya malezi yanapopimwa na watu wasiojua ni familia ipi iliyofunzwa, dalili zenyewe za ADHD hazionekani kupungua sana, lakini malezi yanaboreka na ukorofi unapungua. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unayaweka mafunzo hayo kuwa hatua ya kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mafunzo hayo hayatolewi kwa sababu mzazi ndiye aliyekosea. Yanatolewa kwa sababu mtoto huyu anahitaji mlezi mwenye ustadi kuliko ule ambao ndugu zake wanauhitaji.

Mwalimu_Morogoro

Nawashukuru nyote, na Mama Tanga, marahaba. Nimeelewa kwamba nikikutana na wazazi sitaanza na malezi, na kwamba nitauliza kwa upole kuhusu uzazi wa mtoto, homa kali na degedege, na mahali familia inapoishi. Limebaki moja linalonisumbua. Darasa langu lina wanafunzi wengi kuliko madawati, na umri wao unatofautiana kwa karibu miaka miwili. Nitajuaje kwamba ninayemwona hatulii si mdogo tu kuliko wenzake, au amechoka kukaa watu wanne kwenye dawati la watu wawili?

Tabibu_wa_Watoto

Mwalimu, swali hilo linatakiwa kutangulia mengine yote. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, kumbukumbu za watoto zaidi ya 900,000, zilizochapishwa mwaka 2012, zilionyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba, ambao ndio wadogo zaidi darasani kule, walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi wa kuambiwa wana ADHD kuliko waliozaliwa Januari. Si kwamba ADHD huchagua mwezi wa kuzaliwa. Walilinganishwa na wakubwa wao, wakaonekana wagonjwa. Kwa hiyo, kabla ya kumwita mzazi, tafuta tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na umlinganishe na walio karibu naye kwa umri, hata kama wako darasa la pili.

Pili, ADHD haithibitishwi kwa kuonekana shuleni peke yake. Vigezo vinavyotumika vinataka dalili zilizodumu angalau miezi sita, zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12, na zinazoonekana mahali pawili au zaidi. Kama mtoto hatulii darasani tu, huku nyumbani na madrasa au kanisani anakaa na kumaliza kazi zake, angalia kwanza dawati, macho, masikio na njaa. Mhamishie mbele kwa wiki kadhaa, mpe kazi fupifupi, mruhusu asimame kufuta ubao, kisha uandike ulichokiona: saa ngapi, somo gani, alifanya nini, wenzake walikuwa wanafanya nini. Usiandike kwamba ana ADHD, na usiandike kwamba ni mtukutu. Mpe mzazi karatasi hiyo aende nayo hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye huduma ya afya ya akili, kwa sababu daktari atakayemwona mtoto kwa nusu saa katika chumba kitulivu huenda asione hata moja ya yale unayoyaona wewe kila asubuhi.

Mama_Tanga

Naongezea hapo kwa Daktari: karatasi hiyo ifanye nakala mbili, moja ibaki shuleni. Ya kwangu ilipotea mapokezi, na mwalimu aliyekuwa ameiandika alikuwa amekwisha kuhamishwa. Na kama mzazi ni mfanyabiashara ndogondogo, muulize ni siku ipi ya wiki soko huwa limelala, ndipo umpangie safari ya kliniki siku hiyo.